Mwaka wa Sinema Nusu

Tulipomzika Senge Taaka kule Lunyo mwezi uliopita, mkwe wake, Egesa, alikaa nje ya ua tangu asubuhi mpaka koleo la mwisho la udongo. Senge ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu Usamia. Egesa sasa ni mzee wa mkongojo, na jua la siku ile lilikuwa la kupasua mawe. Wajukuu walimpelekea kiti akakikataa, kwa sababu kilitoka ndani ya nyumba ya marehemu. Wakampelekea chai akaipokea, akaigeukia migomba ndipo akainywa. Nikamsikia kijana mmoja aliyetoka mjini akimnong'oneza mwenzake, "Sasa huyu mzee anaogopa nini? Si mama ameshakufa?" Wakacheka kwa pua. Mimi sikucheka, wala sikushikwa na ule uchungu niliokuwa nimejiandaa nao. Nilishikwa na hasira. Ilikuwa hasira ya zamani, ya msichana wa sekondari, senia ya pili, mwenye soksi zilizolegea, nayo ilinijia nzimanzima kama haijawahi kulala hata siku moja. Niliutazama mgongo wa yule mzee nikasema moyoni: hata leo, Egesa, hata mwisho huu umeukosa.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya. Nilikuwa nimetoka Busia kuja kusoma Tororo, nikakaa kwa Senge katika chumba kimoja nyuma ya maduka ya Wahindi. Kitanda kilikuwa chake, mkeka ulikuwa wangu, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya samaki. Senge alikuwa anauza samaki wakavu sokoni. Kila Alhamisi alipanda basi kwenda Busia kuwachukua kwa wanawake waliowaleta kutoka ziwani, na Ijumaa chumba chetu kilijaa vikapu mpaka mlango ukawa haufunguki wote. Madaftari yangu yalinukia samaki. Shajara yangu ilinukia samaki. Kuna msichana aliyekaa mbele yangu darasani ambaye siku moja aligeuka akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kwetu tunapika samaki kabla ya kuja shule.

Lakini Jumapili Senge alikuwa mtu mwingine. Tukitoka kanisani alijifungia chumbani na beseni la maji, ndimu zilizokatwa, na sabuni ya kunukia aliyoificha kwenye kopo la majani ya chai ili nisiiguse. Alijisugua mikono mpaka viwiko vikang'aa. Kisha akavaa gomesi yake ya kijani, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, mabega yamesimama kama masikio ya sungura, akajinusa kwapa, akaninyooshea mkono na mimi nimnuse. "Kuna samaki hapo?" Nikasema hakuna. "Nusa vizuri, wewe mtoto." Hakuna, Senge. "Basi twende. Leo mimi si mama samaki. Leo mimi ni mtu wa mjini." Tukashika njia kwenda sinema, shoo ya saa nane mchana, tukinunua karanga kwenye karatasi kabla ya kuingia.

Jumba la sinema lilikuwa moja tu pale mjini. Mbele kulikuwa na mabenchi, katikati viti vya mbao, na juu kwenye roshani viti vya sponji kwa wenye uwezo. Jumapili walionyesha picha za Kihindi, ndefu kama mwaka wa njaa, zenye mvua, treni, mama anayelia na ndugu wawili waliopoteana utotoni. Hatukuelewa neno hata moja na hatukuhitaji. Watu walimwonya shujaa kwa lugha zao zote: Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola, na Kiswahili cha mpakani kilichotuunganisha sote. "Angalia nyuma! Wewe, angalia nyuma!" Pale gizani hata mimi nilipiga kelele. Nataka hili lieleweke, kwa sababu mahali pengine popote sikuwa na sauti. Nilikuwa na haya ya kuumwa. Mwalimu akiniuliza swali, jibu nilikuwa nalo, lakini lilikwama kooni kama mwiba wa samaki. Wakati wa mapumziko wasichana walikaa kwenye ngazi za bweni wakisimuliana mambo, nami nilisimama pembeni nikijifanya nafunga kamba za viatu. Jumatatu ndiyo siku pekee waliyonigeukia. Wao walikuwa wanafunzi wa bweni, hawakuruhusiwa kwenda mjini, na mimi nilikuwa nimeiona sinema. Basi nilitaka jambo moja tu mwaka ule, na sidhani lilikuwa kubwa: kuiona sinema moja mpaka mwisho, ili Jumatatu niisimulie mpaka mwisho, na mimi niwe mtu mwenye neno.

Sikuiona hata moja. Kikwazo kilikuwa taa.

Picha za Kihindi zilikuwa na mapumziko katikati, tukiyaita intavali. Palepale shujaa ametupwa mtoni, au bibi harusi ameinua kikombe cha sumu, skrini inazimika na taa zote zinawaka, watu wanainuka kununua soda na sambusa. Ndipo watu walipoonana. Na kila mara taa zilipowaka, kwenye viti vya mbao safu chache nyuma yetu, alikuwepo Egesa, kofia mkononi, bado amevaa koti lake la ukarani wa reli. Alikuwa amemwoa Nabwire, binti wa Senge, mwaka uliotangulia. Alimaliza zamu yake stesheni, akakimbia, akaingia picha ikiwa imeshaanza, akaketi gizani bila kujua nani yuko mbele yake. Yeye naye alipenda sinema kufa.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Na jambo lililo baya kupita yote ni kuonana mkila. Mkwe akimwona mama mkwe anatafuna, ni kama amemkuta anaoga. Mpaka siku itakapofanywa sherehe ya kuondoa haya, na mbuzi achinjwe na wazee washuhudie, ndivyo watakavyoishi. Sherehe hiyo ilikuwa inaahirishwa kila mavuno, na mpaka Senge anazikwa haikufanyika. Sasa mwone Senge, taa zimewaka ghafla, mdomo umejaa karanga. Alizimeza zote bila kutafuna, akavuta leso akajifunika mpaka puani, akanikamata kifundo cha mkono. "Inuka. Yule wa Nabwire yuko."

"Senge, picha haijaisha."

"Nimesema inuka."

Tulitoka kwa mlango wa kushoto, yeye amejikunja kama mtu mwenye tumbo la kuhara. Mlangoni alisimama mkata tiketi, Mteso mrefu mwenye mzaha. "Mama, wewe nakwenda wapi? Picha bado iko kati!"

"Nimeacha sufuria jikoni."

"Wiki iliyopita pia sufuria. Hii sufuria yako hapana ungua?"

Jumatatu Amoit, ambaye alikuwa malkia wa zile ngazi za bweni na sauti yake ilifika mpaka jikoni, alinipisha nafasi katikati. "Haya, Ajiambo. Tuanze." Nikaanza. Nilisimulia vizuri, najua nilisimulia vizuri, kwa sababu hata wapishi walisogea. Nilipofika pale kwenye kikombe cha sumu nikanyamaza. "Ehe?" akasema Amoit. Nikasema sijui. "Hujui vipi? Alikunywa au hakunywa?" Nikasema tulitoka. Walinitazama kama mtu aliyewaita mezani akawaonyesha sahani tupu. Wiki iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, na ile nyingine, na hapo Amoit akanipa jina. "Msimpishe. Huyo ni Intavali." Jina likanishika. Mpaka naondoka shule ile kuna wasichana hawakujua ninaitwa Ajiambo.

Mtu atauliza, kwa nini sikubaki peke yangu? Nilimwuliza Senge, kwa ule ujasiri unaopatikana mara moja kwa muhula. Alikuwa anageuza samaki kwenye wavu. "Nikuache gizani na wanaume? Baba yako akisikia nimjibu nini? Kwamba nilimkimbia mkwe nikamwacha mtoto wake?" Basi tubadilishe siku, nikasema. Jumamosi ni siku ya soko, akasema. Basi tukae roshani, nikasema. "Una mjomba Mhindi, wewe?" Basi tusiende tena, nikasema, na hapo aliniangalia kwa mshangao wa kweli, mkono mmoja umeshika kambale. "Tusiende? Kwa nini? Huenda Jumapili hii asije." Ndivyo alivyoamini kila wiki. Nimezeeka sasa kuliko alivyokuwa yeye siku hiyo, na bado sijui kama yale yalikuwa matumaini au ukaidi. Ninachojua ni kwamba alipenda sinema kwa moyo wake wote na hakuona kwamba nusu ni pungufu. Mimi niliona. Usiku niliandika katika shajara, kalamu ikitoboa karatasi: nusu tena.

Kisha ikaja siku ya hoteli. Senge alikuwa ameuza vizuri mwisho wa mwezi, akasema tutakula nje kama watu. Kulikuwa na hoteli karibu na stesheni, ya mzee mmoja Mswahili, yenye meza za mabati na picha ya mlima ukutani. Tuliketi kona ya ndani, karibu na jikoni, na Senge akaagiza kuku. Nilidhani sikusikia. Kwetu Lunyo, Masaba, Sikuda, popote pa watu wa rika lake, mwanamke hakula kuku. Alimlisha, alimchinjisha, alimpika, akawapelekea wanaume. Yeye akala mboga na mchuzi wake. Mama yangu mzazi alikufa bila kujua ladha ya paja. "Usinitolee macho," Senge akasema, akikunja mikono ya gomesi. "Kuku hajui kama mimi ni mwanamke. Hapa ni Tororo. Hapa nani ananijua?"

Kuku alikuja na wali mweupe na kachumbari. Alimshika kwa vidole vyote kumi. Sijawahi kumwona mtu akila kwa furaha ya namna ile, macho ameyafumba, mafuta yanamchirizika hadi kwenye bangili, na kila baada ya kumeza anasema peke yake, "Wanaume ni waongo. Wanaume ni waongo sana." Alikuwa ananisimulia wakati huo jinsi alivyokuwa msichana, jinsi alivyoimba kwenye ngoma za mavuno mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakavuka kuja kusikiliza. Hakuwahi kunisimulia habari hiyo. Nikasahau kula. "Basi siku moja," akasema, "akaja mtu mmoja, mrefu, na zeze lake..." Na hapo mwanga wa mlangoni ukazibwa, nikainua macho, Egesa amesimama na gazeti kwapani anatafuta meza.

Alimwona Senge. Senge alimwona. Paja la kuku lilikuwa katikati ya njia, kati ya sahani na mdomo. Nadhani hakuna mkwe tangu dunia iumbwe aliyeona jambo kubwa kuliko lile: mama mkwe, hadharani, na kuku. Egesa alifunua gazeti akajifunika uso wote, akageuka, akagonga nguzo, akatoka. Senge aliliweka paja kwenye sahani yangu kana kwamba lilikuwa langu tangu mwanzo, akainama, akapita kupitia jikoni katikati ya masufuria. "Ajiambo!" nikamsikia kutoka uani. Niliacha kuku mzimamzima, ameliwa paja moja. Na yule mtu mrefu mwenye zeze sikumjua ni nani mpaka leo. Nilimwuliza njiani. Nikamwuliza tena mwezi uliofuata. "Mtu gani?" akasema.

Ndipo nikaamua kwenda kwa Egesa mwenyewe. Mimi nilikuwa na ruhusa. Mume wa binamu yangu ni shemeji yangu, na shemeji ni mtu wa utani, hata kwa msichana mwenye haya. Nilimkuta stesheni akila muhogo wa kuchemsha juu ya kreti ya soda.

"Ee, bibi mdogo!" akasema. "Umekuja kunioa?"

"Nimekuja kugombana na wewe. Unatufukuza sinema kila Jumapili."

Aliacha kutafuna. "Nawafukuza? Mimi?"

"Taa zikiwaka tu tunakuona, tunatoka. Sijaona picha hata moja ikiisha. Wewe unabaki unakula utamu."

Alicheka cheko la mtu anayeumwa jino. "Shemeji, mimi nabaki na nani? Taa zikiwaka tu naona ile gomesi ya kijani. Natoka mlango wa kulia. Ile ya kikombe cha sumu, nilitaka kukuuliza wewe: alikunywa?"

Sikuamini masikio yangu. Kwa miezi yote ile walikuwa wanakimbiana, yeye kulia, sisi kushoto, na picha ikaendelea kuonyeshwa kwa viti vitupu. Nikamwambia basi ni rahisi, tupange. Wiki moja yeye, wiki moja sisi. Nitamwambia Senge.

"Usithubutu!" Alisimama kabisa. "Utamwambia nini? Kwamba nimemwona sinema?"

"Si umemwona?"

"Sijamwona. Wala yeye hajaniona. Yeye alikumbuka sufuria, mimi nilikumbuka kazi. Ukimwambia tumepanga, itakuwa nimemwona kila Jumapili tangu mwaka uanze. Na itakuwa nimemwona..." Akashusha sauti, akaangalia reli kushoto na kulia. "Itakuwa nimemwona pale hotelini. Unataka mama wa watu ahame mji?"

Nilirudi nyumbani nikipiga mawe teke. Nimefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote, nimeketi katika kamati zisizohesabika, na bado sijakutana na ukuta mgumu kama ule uliojengwa na watu wawili wenye adabu.

Muhula wa mwisho mwalimu wetu wa Kiingereza, mwanamke mwembamba kutoka ng'ambo ambaye sote tulimwita Madamu, alitangaza mchezo wa kuigiza. Ungekuwa kwa Kiswahili, ili wazazi wa kila kabila waelewe, na tuutunge wenyewe darasani. Ulihusu mtemi aliyeamuru mtu yeyote asile mpaka yeye ashibe, naye hashibi. Amoit alikuwa mtemi, nani mwingine. Mimi nilipewa bibi kizee, kwa sababu bibi kizee hana mengi ya kusema: anaingia mara moja tu, mwishoni kabisa, anasema maneno yake, na mchezo unaisha. "Intavali ndiye anamaliza?" Amoit akauliza, na darasa likaanguka kwa kicheko. Lakini Madamu hakujua maana ya jina lile. Alilijibu swali kama swali. "Ndiyo," akasema. "Yeye ndiye anamaliza."

Sijui kama naweza kueleza jinsi sentensi ile ilivyonikaa. Sinema sikuzitaka tena. Nilitaka watu wangu waje, wakae mpaka mwisho, wanione nikiumaliza mchezo. Na watu wangu pale Tororo walikuwa wawili tu, kwa sababu Nabwire alikuwa amekwenda Busia kujifungua. Nilimwambia Senge siku ya kwanza. Nilimwambia Egesa siku ya pili. Egesa akashika kichwa. Mchezo ni mchana, akasema, ndani ya bwalo la shule, madirisha wazi, hakuna giza la kumsaidia mtu. Mwishowe tukakubaliana kwamba atasimama nje, dirishani, nyuma ya mti wa mjohoro, kofia imeshuka. Senge ningemketisha safu ya kwanza. Senge hageuki nyuma akitazama kitu kizuri, hilo nililijua.

Kwa nusu ya kwanza mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Nilichungulia kupitia pazia, nywele zangu zimepakwa unga, nikamwona Senge mbele, gomesi ya kijani, mdomo wazi, anamwonya mtemi kwa Kisamia. Nikaiona kofia dirishani. Moyo ukanipanda. Kisha Madamu, ambaye hakuwa na baya hata chembe, alimwona bwana mmoja aliyevaa vizuri amesimama juani. Akatoka kumwuliza ni mzazi wa nani. Wa Ajiambo, Egesa akajibu, angesema nini? Na ilipofika saa ya chai, wakati wageni wote wanaitwa chumba cha pili, kando ya jikoni, kwenye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, Madamu alimshika Egesa mkono akamwingiza kwa mlango wa mbele. Senge alikuwa ameshaketi. Alikuwa ameshapewa sahani, na kwenye sahani sambusa, na sambusa ilikuwa imeshaumwa.

"Familia ya Ajiambo," Madamu akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, akivuta kiti kilichogusana na cha Senge, "kaeni pamoja. Kuleni."

Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, tumekatazwa kuonekana kabla ya zamu yetu. Nilifungua mdomo. Nilijua neno la kusema, lilikuwa neno moja tu, mkwe, na halikutoka. Egesa alirudi kinyumenyume, macho yakitazama dari, akimwambia Madamu, "Treni, Madamu, kuna treni," mpaka akapotea. Senge alinipita pale jikoni leso ikiwa puani. Hakunitambua kwa ule unga. Aliniambia, "Nipishe, mama," akatoka.

Katika nusu ya pili Madamu alikuwa ameweka viti viwili safu ya mbele, na karatasi juu yake imeandikwa jina langu, kwa sababu alifikiri watarudi. Niliingia nimeinamia fimbo nikaviona. Maneno yangu niliyatamka. Nadhani niliyatamka. Kutoka nyuma mtu alipiga kelele, "Sauti, bibi! Sauti!" na watu wakacheka mahali pasipochekesha, na pazia likafungwa, na Amoit akanisukuma bega akisema, "Si nilisema."

Senge nilimkuta barabarani, nje ya ua wa michongoma, amekaa juu ya jiwe amevua viatu. Jua lilikuwa bado liko juu. Aliponiona alicheka kwa unga wangu, akasogea kunipa nafasi kwenye jiwe. "Haya," akasema. "Yule mtemi alishiba? Nihadithie mwisho."

Sikuketi. Mwaka mzima ulinipanda kooni. Nikamwambia mwisho ulikuwepo mle ndani, na kiti chake kilikuwepo, na nilikuwa nimemwomba jambo moja tu. Alikuwa anatazama upande wa pili wa barabara, yaani alikuwa anajitahidi kutoutazama. Nikageuka. Nyuma ya michongoma ya upande ule, kofia ya karani ilikuwa imetulia tuli, haikwenda stesheni wala popote.

"Sema, mwanangu," Senge akasema taratibu, akiangalia vidole vyake vya miguu. "Ila sema kwa nguvu. Masikio yangu leo yana upepo."

Nikasimama katikati ya barabara ya vumbi nikasema. Nilisema kwa hasira, kwa ule ua mmoja na kwa ule mwingine, sauti ikitoka mahali nisipopajua. "Mtemi! Mimi ndiye niliyekukata kitovu! Ulilia kama mtoto yeyote! Nani amekudanganya kwamba njaa yako ni kubwa kuliko ya wenzako? Inuka hapo mezani. Inuka, watu wale!" Mwendesha baiskeli alishuka akasukuma baiskeli yake kando. Ng'ombe wa mtu aliinua kichwa. Kule bwaloni, dirisha moja baada ya jingine, wasichana walitoa vichwa nje, na Amoit alikuwa mmoja wao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amenyamaza.

Nyuma ya michongoma mtu alikohoa kikohozi kidogo cha heshima, kisha nikasikia viatu vikienda zake.

Senge alivaa viatu vyake polepole, kimoja, kisha cha pili. Akainuka, akanifuta unga wa paji la uso kwa pembe ya leso, akatazama kazi yake, akafuta tena.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini mimi nilipenda pale mwanzo."